Usifungue Simu Kabla Hujaandika: Wiki ya Skripti, Ndege na Maoni ya Watu

Jumatatu usiku niliweka simu kwenye chaji, nikalala. Jumanne saa 11 alfajiri nikaikuta imejaa taarifa hadi inasuasua kufunguka. Kipande cha sekunde 40 kutoka msimu wa kwanza wa tamthilia ninayoiandika kilikuwa kimesambaa usiku kucha: mama anamfungulia mlango mwanawe aliyepotea miaka tisa, anamtazama, kisha anaufunga bila kutamka neno. Watu walikuwa wamegawanyika vibaya. Wapo waliomlaani mama, wapo waliomtetea kama mama yao wa kuwazaa, na wengi walinigeukia mimi: kwa nini hakusema kitu?

Wiki hiyo hiyo nilitakiwa kukabidhi rasimu ya sehemu ya 6 ya msimu wa pili Jumatano jioni, kupanda ndege Alhamisi kwenda lokesheni, yaani mahali pa kupigia picha, na kufanya mahojiano mawili mtandaoni Jumamosi. Namwandikia mwandishi mwenzangu ambaye wiki ya namna hii haijamfika bado, au imemfika akadhani ni neema tupu. Neema ni kweli. Nimeandika miaka mingi vitu ambavyo hakuna aliyeviona, kwa hiyo siku watu walipoona siwezi kuibeza. Ila kuna kosa nililifanya Jumanne asubuhi, na kosa hilo liliingia moja kwa moja ndani ya skripti.

Nilisoma maoni kwa saa moja na nusu. Kisha nikakaa kuandika, na kurasa zikaja mbio kuliko kawaida. Kufika saa 6 mchana nilikuwa na kurasa 4 nzima, jambo ambalo kwangu ni nadra. Nilizipenda. Katika sini ya 22, yaani tukio la 22 la sehemu hiyo, mama na mwana wapo chumba kimoja kwa mara ya kwanza tangu mlango ule ufungwe, na mama anasema: "Ulitaka niseme nini? Miaka tisa nimeishi na mlango huu. Siku ile sikuufunga kwa hasira. Niliufunga kwa sababu sikujua kama wewe ni wewe, au ni ile ndoto tena." Na anaendelea, mistari 11.

Jumatano asubuhi mwongozaji akanipigia. Hakuniambia ni mbaya. Aliuliza swali moja tu: "Huyu mama anamjibu nani hapa? Mwanawe hajamuuliza kitu."

Nikarudi kusoma. Kweli kijana hajauliza. Ameingia, amekaa, ameangalia chini. Waliouliza walikuwa ni watu wa kwenye simu yangu. Nilikuwa nimewajibu wao, nikamtumia mama kama mdomo.

Hili nimelifikiria sana tangu siku ile, na naamini linatugusa sisi waandishi wa skripti kuliko waandishi wa aina nyingine. Kazi yetu tunaifanya kwa sikio. Mhusika huwa namsikia kwanza, ndipo namwandika: anapumua wapi, anakata sentensi wapi, neno gani analikwepa. Sasa, maoni ya watu mtandaoni nayo ni sauti. Si takwimu wala hoja kavu. Ni sentensi zenye lafudhi, zenye hasira na mapenzi, zimeandikwa jinsi watu wanavyoongea. Ukisoma mia mbili alfajiri, umejaza chumba watu mia mbili wanaosema kwa pamoja, halafu unamwomba mama mmoja mnyamavu asikike humo. Hataweza. Atapaza sauti kuwashinda, au ataanza kujitetea. Mama yangu alijitetea.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kwangu ndio mkubwa kuliko yote: kurasa kwanza, simu baadaye. Si suala la nidhamu ya muda, maana hata dakika 10 za maoni zinatosha kuharibu sikio la asubuhi nzima. Simu ilale chumba kingine. Kama unaitumia kama saa ya kukuamsha, nunua saa. Ukiwa na watoto au mgonjwa na lazima upatikane, ruhusu namba tatu au nne ziite, nyingine zote zisubiri. Saa mbili za kwanza za siku ni za wahusika, na katika wiki yenye safari hizo saa mbili ndizo pekee ulizo na uhakika nazo.

Kuna waandishi wenzangu wanaosema usisome maoni kabisa, maisha yako yote. Siwaungi mkono. Katika yale mamia kulikuwa na ujumbe wa mtazamaji asiyesikia, aliyeeleza kwamba sini ile ya mlango aliitazama na familia yake, na kwa mara ya kwanza aliielewa kwa kasi ileile waliyoielewa wao, bila kusubiri mtu amfafanulie. Niliunakili kwa mkono kwenye daftari. Hakuna mhakiki angeniambia jambo hilo. Ninachofanya siku hizi ni kusoma jioni, baada ya kukabidhi, nikiwa nimesimama ili nisizame, na yale yanayomhusu mhusika ambaye bado namwandika nayaacha mpaka msimu uishe. Yatanisubiri.

Turudi Jumatano. Nilikuwa na saa saba kabla ya kukabidhi. Mistari 11 niliifuta yote. Mama akabaki na sentensi moja. Nje mvua inanyesha, mwana amekaa kwenye kiti karibu na mlango, na mama bila kumtazama usoni anasema: "Viatu vyako vimelowa." Basi. Anaendelea kukunja nguo. Sini ikashuka kutoka ukurasa mmoja na robo hadi sehemu tatu za nane. Kwa asiyejua hesabu hii: skripti iliyopangwa kwa utaratibu wa kawaida, herufi za Courier za saizi 12, hukadiriwa ukurasa mmoja kwa dakika moja ya picha, na watu wa ratiba huugawa kila ukurasa katika sehemu nane ili wajue siku moja inabeba kiasi gani. Ni makadirio tu. Sini ya kimya huvunja hesabu hiyo, kwa sababu sehemu tatu za nane za mama anayekunja nguo zinaweza kuchukua dakika mbili nzima kwenye skrini. Mwambie msaidizi wa mwongozaji mapema. Usimwache akupangie nusu saa ya kupiga kitu kinachohitaji asubuhi.

Hapo hapo niseme neno kuhusu marekebisho. Kazi yako ikishaonekana, watu hupata ujasiri wa kukuomba "kibadiliko kidogo" kwa ujumbe wa simu, usiku, bila malipo, kwa sababu jina lako linavuma na wanadhani una furaha ya kutosha. Makubaliano yako yataje ni rasimu ngapi, marekebisho mangapi, na kinachozidi hapo kinalipwaje. Si uchoyo. Waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani waligoma siku 148 mwaka 2023, na mojawapo ya mambo waliyoyapata ni kwamba mwandishi wa filamu anayelipwa hadi mara mbili ya kima cha chini kwa rasimu ya kwanza ahakikishiwe hatua ya pili ya uandishi yenye malipo. Kama wao walihitaji kuliandika, wewe na mimi tunahitaji zaidi.

Alhamisi ndege. Zamani nilikuwa najipangia kuandika sini mpya angani, na kila mara nilishuka na vitu vya kutupa. Baadaye nikaelewa sababu, nayo ni ileile ya sikio: mngurumo wa injini unafunika kila kitu, na huwezi kujisomea kwa sauti mtu amekaa ubavuni pako. Sasa ndege ni mahali pa kukata. Nachapisha rasimu, nachukua penseli, nafuta. Jicho linafanya kazi vizuri kule juu hata sikio likiwa limeziba: unaona neno lililorudiwa, unaona maelezo marefu ambayo kamera haiwezi kuyapiga, kama "anakumbuka utoto wake". Nilikata kurasa 3 kati ya 52 kabla hatujatua. Kabla ya kupanda, jitumie nakala ya faili kwa barua pepe, iwe na tarehe kwenye jina lake, na mwachie nakala mtu mmoja unayemwamini. Kompyuta hupotea safarini, na kutafuta mtandao uwanja wa ndege huku ukiitwa kupanda ni adhabu.

Kuhusu usingizi, mwili huzoea majira mapya taratibu, takriban saa moja kwa siku. Safari ya siku tatu haitoshi kuzoea chochote, hivyo nilibaki kwenye saa za nyumbani nikalala na kuamka vilevile. Ilinisaidia, kwa sababu Ijumaa alfajiri niligongewa mlango.

Mvua ilikuwa imeharibu uwanja tuliopaswa kupiga sini mbili za sehemu ya 3. Msaidizi wa mwongozaji alisimama mlangoni na ratiba iliyolowa pembeni, akasema sini zote mbili zinaingia ndani, kikosi kinaondoka baada ya saa mbili. Mtu mgeni hudhani hapo unabadilisha kichwa cha sini tu: NJE inakuwa NDANI, umemaliza. Lakini uwanjani wahusika walikuwa na umbali. Dada alikuwa anamfokea kaka yake kwa sababu alikuwa mbali naye hatua 30. Uwafungie chumbani, kelele zile zinakuwa za kichaa. Ilibidi ugomvi uleule usemwe chini chini, kwa kuwa baba amelala chumba cha pili, na baada ya kuuandika hivyo ukawa mkali kuliko wa kwanza. Nikikutana na badiliko la mahali, swali langu la kwanza siku zote ni: mikono yao inafanya nini hapa?

Kurasa mpya zilichapwa kwenye karatasi ya bluu. Skripti ikishafungwa kwa ajili ya kupiga picha, yaani namba za kurasa zake hazibadilishwi tena, kurasa za mabadiliko hutoka kwa rangi, kwa kawaida nyeupe, kisha bluu, kisha waridi, njano, kijani, na ukurasa unaoongezeka baada ya wa 34 huitwa 34A ili namba za nyuma zisivurugike. Andika tarehe juu ya kila ukurasa. Hata hivyo mwigizaji mmoja alifika amekariri zile nyeupe, tukapoteza dakika 20. Tangu hapo sitegemei karatasi itembee yenyewe. Natembea nayo mpaka mkononi mwa kila anayeongea kwenye sini hiyo.

Kosa la pili la wiki nalieleza kwa kifupi kwa sababu bado linaniuma. Nikiwa uwanja wa ndege nilipiga picha ya daftari na penseli juu ya meza, nikaiweka mtandaoni kuwashukuru watazamaji. Pembeni palionekana kona ya ukurasa. Mtu aliikuza picha, akasoma jina la mhusika na neno "kaburi". Niliifuta ndani ya dakika 15 na nikampigia prodyuza mwenyewe kabla hajaambiwa na mwingine. Alinyamaza muda mrefu, kisha akanishukuru kwa kupiga. Likikupata, piga simu. Na karatasi za kazi zisiingie kwenye picha yoyote, hata zikiwa zimepinduliwa.

Jumamosi yalikuwa mahojiano, na swali lilikuwa lile lile: kwa nini mama hakusema kitu? Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimeandika kwenye karatasi mambo matatu ambayo sitayasema, na hilo ni maandalizi bora kuliko kuandaa majibu. La kwanza lilikuwa sababu ya mama. Nilimweleza mtangazaji jinsi sini ilivyopigwa, mara ngapi mlango ulifungwa, kwa nini hatukuweka muziki. Sababu nikaiacha kwa mama. Mwandishi akishaitamka kwenye mahojiano, mwigizaji hawezi tena kuichezea, na mtazamaji anaacha kuitafuta.

Ujumbe wa waandishi chipukizi ulikuwa mwingi, na kadhaa waliambatisha skripti zao. Nawajibu kwa heshima, faili sizifungui. Kesho nikiandika kitu kinachofanana na chao, kwa bahati tu, tutaumizana wote wawili. Huwa nawaambia watafute watu watatu wakae wasomeane kwa sauti.

Jumapili, saa chache kabla ya ndege ya kurudi, waigizaji walikaa mezani kusoma sehemu ya 6 kwa mara ya kwanza. Tulipofika sini ya 22 nilikuwa nimeinamia ukurasa wangu. Yule anayecheza mama alisoma, taratibu, kama anayesema na sakafu: "Viatu vyako vimelowa." Hakukuwa na mstari wa mwana baada ya hapo. Niliinua macho. Kijana anayemcheza mwana alikuwa amevuta miguu yake yote miwili, ameificha chini ya kiti. Sikuwa nimeliandika hilo, wala mwongozaji hakumwelekeza. Nikachukua penseli, nikaliandika pembeni.