Maswali na majibu: Umekabidhiwa wodi, sasa ongoza

Nimeteuliwa kuwa muuguzi mfawidhi wa wodi niliyoifanyia kazi kwa miaka mingi. Wenzangu wa zamu moja sasa hawanisikilizi. Nifanyeje?

Wanakupima. Kila anayekuomba upendeleo wiki hizi za mwanzo anakupima, hata kama mwenyewe hajui.

Kaa na kila mmoja peke yake, dakika 20 zinatosha. Uliza mambo matatu: nini kinamchelewesha kila zamu, nini kinamtia hofu kuhusu usalama wa wagonjwa, na nini angependa kisiguswe. Andika. Kisha chagua kero moja unayoweza kuimaliza ndani ya wiki mbili, kwa mfano mashine ya presha iliyoharibika, au funguo za kabati la dawa ambazo kila usiku hazijulikani ziko kwa nani. Ukishaimaliza, ndipo nawe udai jambo lako.

Jambo hilo la kwanza liwe la usalama wa mgonjwa, na uwe wa kwanza kulifuata. Ukidai watu wanawe mikono, usionekane hata siku moja ukitoka kitanda hadi kitanda na glavu zilezile. Rafiki yako wa karibu akichelewa kazini, mwambie siku hiyohiyo, faraghani. Ukimfumbia macho yeye, wengine wote umewapoteza.

Hukuuliza hili, lakini nalisema: toka kwenye lile kundi la simu ambalo kazi yake ni kuwasema wakubwa. Huwezi kukaa humo usiku, asubuhi ukasimamia wodi.

Nisome kozi gani ili niwe kiongozi?

Swali hili linaletwa kila mara, na kila mara mwulizaji haelezi anafanya kazi gani sasa. Kusoma ni kuzuri, ila simamia kwanza zamu moja ya usiku ikaenda sawa. Mwenye vyeti vinne anayegawa wagonjwa kwa kuhesabu vitanda, bila kuangalia nani yuko hoi na nani anaruhusiwa kesho, hajawa tayari.

Makabidhiano ya zamu kwetu yanachukua karibu saa nzima, na bado mambo yanasahaulika. Tufupishe vipi?

Yanasahaulika kwa sababu ya urefu huohuo. Watu husimulia zamu yao ilivyowachosha, na anayepokea anabaki kutafuta mwenyewe kinachomhusu mgonjwa.

Tumieni mpangilio wa SBAR, ambao ulitoka kwenye nyambizi za jeshi la majini la Marekani kabla ya kuingia hospitalini: hali ya sasa, historia fupi, tathmini yako, na unachopendekeza. Hivi:

"Kitanda namba 8, mama aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo jana asubuhi. Tangu saa nane usiku pumzi zimepanda kutoka 18 hadi 26 kwa dakika, mapigo ya moyo 118, mkojo mililita 40 tu kwa saa nne. Nahofia anavuja damu ndani. Daktari amemwona saa kumi na moja na kuagiza vipimo vya damu, majibu bado. Yafuate sasa hivi, na mpime kila dakika 15."

Hapo haijaisha hata dakika moja. Mgonjwa aliyetulia anamalizwa kwa nusu ya muda huo. Fanyeni kando ya kitanda, si mezani: anayepokea aone dripu, mpira wa mkojo, kidonda na utepe wa jina kwa macho yake, kisha arudie yale mazito kwa maneno yake. Mambo ya siri semeni pembeni, wagonjwa wa jirani wana masikio.

Na sentensi ya "huyu hana shida" ikomeshwe. Hana shida kwa vipimo gani, vya saa ngapi? Hapa nasisitiza upumuaji, kwa sababu mara nyingi ndio unaobadilika mapema mgonjwa anapoanza kuharibikiwa, na ndio unaoandikwa kwa kukisia. Ukikuta chati imejaa 20, 20, 20 kwa wodi nzima, jua hakuna aliyehesabu. Simama na saa, tazama kifua kikipanda na kushuka kwa dakika kamili, wauguzi wako wakikuona. Fanya hivyo kila siku hadi iwe kawaida yao.

Mpole na mkimya anaweza kuongoza?

Anaweza, mradi siku anapoona dawa isiyo sahihi inakaribia mshipa, "simama" yake isikike.

Muuguzi wangu alimpa mgonjwa dozi ambayo alikwisha kupewa. Nimwandikie barua ya onyo ili wengine wajifunze?

Watajifunza kuficha.

Anza na mgonjwa: mpime, mwite daktari, panga uangalizi wa karibu. Yeye au ndugu zake waambiwe ukweli. Tukio liandikwe siku hiyohiyo: nini, saa ngapi, dozi gani, bila maoni. Muuguzi mwenyewe mpumzishe kutoa dawa kwa saa zilizobaki, maana ameshtuka, na aliyeshtuka hukosea tena.

Halafu uliza kwa nini. Mara nyingi utakuta aliyetoa dozi ya kwanza aliahirisha kutia saini hadi amalize mzunguko mzima wa dawa. Wa pili akaona nafasi tupu kwenye chati, akatoa. Barua ya onyo kwa huyu wa pili haitagusa chanzo. Agiza saini itiwe palepale kitandani, dawa ikishaingia tu.

Insulini na heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) zikaguliwe na watu wawili, kila mmoja akikokotoa kivyake. Mmoja kusoma kwa sauti na mwenzake kuitikia kwa kichwa si ukaguzi. Potasiamu kloridi isiyochanganywa isikae kabisa kwenye kabati la wodi ya kawaida, kwani ikisukumwa moja kwa moja kwenye mshipa inasimamisha moyo.

Nidhamu ina mahali pake: kwa aliyeghushi chati, aliyekuja kazini amelewa, au aliyepuuza utaratibu kwa makusudi.

Tumeelemewa, na menejimenti inakataa kuniongezea wauguzi. Niseme nini?

Acha kulalamika kwa maneno. "Tumeelemewa" wanalisikia kutoka kila wodi. Kwa wiki nne, andika kila zamu: wagonjwa wangapi, wauguzi wangapi, dozi ngapi zilichelewa zaidi ya saa moja, nani alianguka, nani alipata kidonda cha kulala. Muuguzi Mwingereza Florence Nightingale alirudi kutoka vita vya Crimea na hesabu za vifo, na kwa hesabu hizo akawalazimisha wakubwa wa jeshi kusikiliza. Ongezea utafiti wa mtaalamu wa uuguzi Linda Aiken na wenzake uliochapishwa 2002, uliohusu hospitali za jimbo la Pennsylvania, Marekani: kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwa muuguzi aliendana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30.

Weka yote kwenye ukurasa mmoja, na uombe kitu kimoja kinachoeleweka, kwa mfano muuguzi mmoja zaidi wa usiku.

Wakati ukisubiri, kagua ratiba yako. Zamu zizunguke asubuhi, mchana, usiku, kwa mwelekeo huo. Mtu apate angalau saa 11 kati ya zamu na zamu. Bandika ratiba mapema, na usiku wa sikukuu ugawanywe kwa zamu huku orodha ikiwa ukutani. Manung'uniko mengi ya "tumeelemewa" chini yake ni "mimi ndiye ninayepangiwa kila Jumapili".

Nitajuaje kwamba nakua kama kiongozi?

Usiulize "mnanionaje?", watakujibu "vizuri". Uliza: "Wiki hii nilifanya nini kilichokuchelewesha?" Kisha nyamaza, wala usijitetee.

Pia mkabidhi mmoja wa wauguzi wako ratiba ya mwezi ujao. Mweleze masharti, mpe na mamlaka ya kukataa maombi, panga siku ya kuikagua mkiwa wawili. Akimkatalia mtu naye akaja kwako kulalamika, mrudishe kwa yule uliyempa kazi.