Baraza la Hesabu: Jawabu la makosa lisifutwe upesi

Barua za safari hii zimetoka Unguja na Pemba. Tatu kati yake tunazijibu hapa.

Nasomesha Darasa la 3 hapa Wete. Watoto ni 68, kila deski wamekaa watatu. Niliwapa 52 – 28 wajadiliane. Zikawa kelele tupu, wengi wakaleta 36, na mwisho nikaandika 24 mwenyewe kengele ikagonga. Nimekosea wapi?

Swali ulilochagua ni zuri, mwalimu. Uliandaa swali, hukuandaa majawabu. Kabla ya kuingia darasani, ifanye hesabu hiyo kwa kila njia ambayo mtoto anaweza kupotea. Kwa 52 – 28 utakutana na majawabu matatu. La kwanza ni 36: mtoto ameona 2 haitoshi kutolewa 8, basi amegeuza, 8 kutoa 2. Mara nyingi ameshawahi kuambiwa "ndogo hutolewa kwenye kubwa", naye ameishika kauli hiyo vilivyo. La pili ni 34: amekopa kumi akapata 12 kutoa 8, lakini ile 5 ya makumi hakuipunguza. La tatu ni 24.

Siku ya somo usianze na majadiliano. Wape hadithi fupi: bibi ana maembe 52, ameuza 28, yamebaki mangapi? Dakika 5 kila mmoja na daftari lake, kimya. Kisha dakika 3 wazungumze wale watatu wa deski moja, bila kusogeza kiti. Kelele nyingi za darasa kubwa hutokana na kupanga vikundi upya, na kikundi cha watu wanane huwa na wasemaji wawili tu. Wakati huo pita kati ya madeski na karatasi ndogo mkononi, uandike nani ana 36, nani 34, nani 24 na kwa njia gani. Usisahihishe chochote. Hapa ndipo walimu wengi huteleza: anamwona mtoto na 36, anamnong'oneza "hebu angalia tena", mtoto anafuta, na darasa limeshapoteza mjadala wake.

Gawa ubao sehemu tatu. Andika majawabu yote matatu, pasiwe na vema wala mkasi. Anza na 36 kwa sababu ndilo lenye watu wengi, lakini usilitaje kwa jina la mtoto. Sema "hapa kuna waliopata 36, nani atueleze hii 6 imetoka wapi?" Mwengine arudie kwa maneno yake alichosema mwenzake, asipoweza, hakusikiliza au mwenzake hakueleweka, na yote mawili unataka kuyajua. Halafu waulize: bibi akiyarudisha maembe 28 aliyouza juu ya 36 yaliyobaki, atakuwa na mangapi? Ni 64. Wacha wastaajabu wenyewe, alikuwa na 52 tu! Jaribuni hivyo hivyo kwa 34, mtapata 62, kumi zaidi, na hiyo kumi ndiyo ile iliyokopwa isipunguzwe.

Sasa zitoe chelewa (njiti za makuti za kuhesabia), mafungu matano ya kumi kumi yaliyofungwa uzi na mbili pembeni. Mtoto afungue fungu moja mbele ya wenzake: zimebaki fungu nne na chelewa 12. Neno "kukopa" lina kasoro yake, kwani kinachokopwa hulipwa na hapa hakuna kinacholipwa. "Kufungua kumi" linaeleza kitendo chenyewe.

Usishangae akitokea mmoja asiyekopa kabisa: 28 mpaka 30 ni 2, mpaka 50 ni 20, mpaka 52 ni 2, jumla 24. Hivyo ndivyo muuza duka anavyorudisha chenji. Iandike nayo ubaoni kando ya chelewa, uwaulize zile 2 mbili ziko wapi kwenye mafungu. Mjadala wote usizidi dakika 15. Zilizobaki ni za kazi ya daftari: 61 – 37, kisha 70 – 46, maana sifuri huleta makosa yake.

Nikiuliza "mmefahamu?" wanajibu "ndiyooo!" kwa sauti moja. Nikimwita mmoja, kimya. (Mwalimu, Makunduchi)

Swali hilo lina jawabu moja tu la adabu, nalo ni ndiyo. Liache. Uliza "umepataje?" au "unakubali wapi na unakataa wapi?", kisha nyamaza. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu hungoja baada ya kuuliza, akakuta ni kama sekunde 1. Walipongoja sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na waliojitokeza kujibu waliongezeka. Hesabu kimoyomoyo hadi tano, utaona ni ndefu mno, vumilia. Badala ya mikono juu, aliyepata aweke kidole gumba kifuani, ili wepesi wasiwakatishe tamaa wanaoendelea kufikiri.

Na chunga uso wako. Ukisema "vizuri sana" kwa jawabu sahihi na "mmh, nani mwengine?" kwa lisilo sahihi, watoto watakusoma wewe badala ya hesabu. Kwa yote mawili sema neno lile lile: "tueleze".

Skuli yetu hesabu za Darasa la 5 ni kwa Kiingereza. Watoto waliokuwa wakisema sana sasa wamekuwa mabubu. (Mwalimu, Chake Chake)

Wajadiliane kwa Kiswahili, waandike kwa Kiingereza. Chukua 1/2 + 1/3. Wengi watajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini wapate 2/5. Kwa Kiswahili mtoto anaweza kulipinga hilo hata kabla ya kujua njia: "nilikuwa na nusu mkate, nimeongezewa, iweje sasa nina chini ya nusu?" Hoja hiyo haiwezi kutoka kwenye lugha ambayo bado anaitafutia maneno. Wakishakubaliana kwamba vipande lazima vilingane, 3/6 na 2/6, jawabu 5/6, waandikie kwenye karatasi kubwa sentensi tatu za Kiingereza zenye mapengo, wajaze kile walichokwisha kukisema. Ziache ukutani wiki nzima. Wiki ya pili ondoa moja.