Kompyuta inayojizima ndani ya kabati la meza

Ndugu yangu wa Shangani, umesema kompyuta umeifungia kwenye kabati la meza, ikifika mchana inakuwa nzito kisha inajizima. Hilo ni joto. Prosesa nyingi, yaani chipu zinazofanya hesabu za kompyuta, hujipunguzia kasi zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, na zikizidi hapo mashine inajizima isije ikaungua.

Usihangaike kuongeza feni ndani ya kompyuta yenyewe, itazungusha hewa ileile ya moto. Kabati ndilo linalotakiwa kupumua. Mwite seremala atoboe ubao wa nyuma, juu kabisa, ufunge feni ya milimita 120 inayotoa hewa nje, maana hewa moto hupanda. Kisha atoboe chini, upande wa mbele, tundu lisilo dogo kuliko la juu. Watu wengi hulisahau hili la chini, halafu wanalaumu feni. Meza nayo isigusane na ukuta, acha sentimita 10 hivi.

Kama unaionea huruma mbao yako ya mninga, ng'oa ubao wa nyuma tu. Aghalabu ni plaiwudi ya misumari midogo.

Vumbi toa kwa brashi kavu, umeme ukiwa umezimwa. Na mchana wa Novemba ukicheza gemu, bwana, acha mlango wa kabati wazi.