Meza ya dau dogo haitaki mikwara mingi

Mbalamwezi ikikolea, taa hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika, na wachuuzi wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, wanapata usiku wa kukaa. Ndizo siku tunazocheza poka, kila mtu akishika karata mbili na tano za wote zikifunuliwa mezani, nyumbani kwa rafiki yangu Igogo, madau ya kuanzia yakiwa shilingi 100 na 200. Fedha nyingi nilizopoteza pale sikuzipoteza kwa karata mbaya. Nilizipoteza kwa kumpigia mkwara, yaani kuweka dau la kutisha bila karata nzuri, mtu asiyetishika.

Usiku mmoja nilishika kopa mbili, na mezani zikashuka kopa mbili nyingine. Nikangoja ya tano, maana kopa tano ni mkono mkubwa, nayo haikuja. Karata ya mwisho ilikuwa shupaza, mkononi sina kitu. Mezani palikuwa na 5,000, nikasukuma 5,000. Kaka mmoja mnunuzi wa dagaa hata hakuzitazama karata za mezani. Alizikunja zake pembeni kwa kidole gumba, akazilaza, akasema, "Wacha nione tu, mdogo wangu." Alikuwa na nne mbili, zikatosha kunishinda.

Hesabu yake iko wazi. Ukiweka dau sawa na kilichopo mezani bila kitu mkononi, lazima mwenzako akimbie, yaani atupe karata zake, zaidi ya mara moja kati ya mbili ndipo upate faida. Ukiweka nusu yake, zaidi ya mara moja kati ya tatu. Sasa yule kaka anakimbia lini? Kwake 5,000 ni bei ya kuona tu.

Wakati wa kubana, yaani kuweka dau la kumsukuma, ulikuwa mapema, zilipofunuliwa karata tatu za kwanza. Hapo kopa tisa zilikuwa bado hazijaonekana, na kwa karata mbili zilizobaki nilikuwa na kama asilimia 35 ya kuipata. Akikimbia nashinda, asipokimbia bado nina njia. Baada ya karata ya mwisho hiyo njia haipo tena.

Lakini mtu anayelipa kila kitu ndiye mteja wako. Hili linaniuma kuliko mikwara, kwa sababu nawaona watu wazuri wakishika ree na kumi, mezani kuna ree, tisa, sita, tatu na mbili za rangi mchanganyiko, halafu wanagonga meza, yaani wanapitisha zamu bila dau, kwa woga. Weka dau! Jiulize: katika karata atakazolipia, zaidi ya nusu ni dhaifu kuliko zangu? Atalipia ree na saba, ree na tano, hata tisa moja. Mimi naweka theluthi mbili ya kilichopo mezani, wala sipunguzi ili nimbembeleze.

Ila mtu mkimya akikupandishia dau kwenye karata ya mwisho, achia, hata kama una jozi mbili. Kwetu huyo ni nadra sana kuwa anatishia.

Mkwara wangu namwekea mama mmoja anayeuza dagaa wa kukaanga. Yeye hutazama mezani kwanza, kisha hunitazama mimi, na anakumbuka nilivyoweka dau tangu mwanzo. Mwezi uliopita karata ya nne ilileta pau ya tatu mezani. Sikuwa na pau hata moja, lakini nilibana hapo, nikabana tena mwisho. Alifikiri muda mrefu, akafunua ree yake akaitupa. "Chukua, baba."

Nilizichanganya zangu na nyingine bila kumwonyesha.