Picha zimepotea baada ya kuhamisha ukurasa

Mkuu, unasema ukurasa wa tovuti uliouhifadhi na kuuhamishia kwenye flashi umekosa picha; ni kwa sababu folda yake umeiacha kwenye kompyuta. Ukibonyeza Ctrl+S kuhifadhi ukurasa, kivinjari cha Chrome huweka vitu viwili: faili ya .html na folda ya jina hilohilo inayoishia na _files. Picha zote zimo humo. Mimi niliwahi kuifuta nikidhani takataka, nikabaki na maandishi matupu! Safari nyingine, kwenye dirisha la kuhifadhi, chagua aina ya faili moja, ile ya .mhtml, kila kitu kikae pamoja. Kama unatumia kivinjari cha Firefox, weka kiongezi (extension) cha SingleFile, nacho huhifadhi ukurasa kwenye faili moja. Ukitaka tovuti nzima, programu ya kuipakua iitwayo HTTrack ni ya bure, ila angalia bando lako. Video usizitegemee, mara nyingi hazihifadhiki hivyo.