Barua kwa mwanangu: konokono na nyumba yake mgongoni

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na ule wimbo aliorudi nao mjukuu wangu toka chekechea huko Copenhagen nimeusoma mara kibao, "Nu titte til hinanden", yaani "Sasa yanachunguliana", umenikumbusha miaka ile nasoma hukohuko. Unauliza mbona ukihesabu mizani za ubeti wa kwanza unapata 13, 11, 12, 10, je mtunzi alikosea? Hapana mama, hajakosea hata kidogo. Huyo ni B.S. Ingemann, mshairi wa Kidenmaki, aliutunga 1837 kwenye nyimbo zake za asubuhi za watoto, na tuni akaitia Weyse, mtunzi wa muziki.

Wewe umeupima kama tarbia yetu, nane kwa nane. Sisi mkazo wetu uko palepale siku zote, silabi ya pili toka mwisho wa neno, so tunahesabu silabi, lakini wenzetu Wadenmaki wanahesabu mkazo wenyewe, na silabi nyepesi, zile zisizo na mkazo, hawazibani sana. Hebu piga kofi kila penye mkazo, utapata 6, 5, 5, afu 4, mishororo inazidi kufupika mpaka unafika kwa konokono, "nu sneglen med hus på ryg vil vandre", yaani sasa konokono na nyumba yake mgongoni anataka kutembea, na baada ya sneg zinakuja silabi mbili nyepesi ndo hus inafuata, mshororo unayumba kama mtu aliyebeba mzigo! Napapenda mno hapo.

Vina vya mwisho wa mishororo vinapishana, wa kwanza na wa tatu små na opslå, wa pili na wa nne hverandre na vandre. Små na opslå zinakatika kwenye mkazo, pap, zile zingine zina kimkia chepesi, hizo ndo zinafanana na maneno yetu.

Sasa hisia. Ubeti wa kwanza ni furaha tupu, nu, yaani "sasa", inarudi mara tatu, maua yanachunguliana, ndege wanaitana, watoto wanafumbua macho. Wa pili unageuka taratibu, Mungu yuko karibu hata na kidudu kidogo kabisa, analisha ndege, anayavika maua ya kondeni kama kwenye Mathayo 6, afu mshororo wa mwisho analipulizia jicho linapolia. Wewe ukiingiwa na vumbi jichoni mama yako alikushika kichwa akakupulizia hivyohivyo, nawaona mpaka leo mlangoni pale.

Mrekodi mjukuu akiuimba unitumie, na asiishie kwa konokono, afike mpaka kwenye jicho.

Baba