"Kadada kametolewa" na "dada katolewa": ni ka moja au mbili?

SWALI

Shikamoo mwalimu. Nina saluni hapa Isevya, Tabora. Jioni tunawasha televisheni, wateja wanatazama vile vipindi vya vijana wanaofungiwa kwenye jumba moja, wanapendana, wanagombana, kisha wanatolewa kwa kura. Juzi msichana mmoja alipotolewa nilisema, "Masikini, kale kadada kametolewa." Wifi yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Pangani, alikasirika. Akasema watu wa bara hatuna adabu, tunamwita binadamu "ka" kama kikopo cha maji. Haikupita dakika tano akawa kwenye simu anamwambia mwenzake, "Yule mrefu katolewa!" Saluni nzima tukamgeukia: na wewe si umesema ka? Tuamue, mwalimu. Halafu utuambie na hili: ni "kapo hii imeachana" au "kapo hawa wameachana"?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Saluni nzima mmemwonea wifi. Ka ya "katolewa" na ka ya "kadada" zinasikika sawa masikioni, lakini hazina undugu. Ya kwanza haina dharau hata chembe. Ya pili ina mengi ndani yake, na hiyo ndiyo nitakayokaa nayo zaidi.

Nianze na ya wifi. Mtu wa mwambao, na siku hizi karibu kila mtu wa Dar es Salaam, husema kaja, kalala, kashinda, katolewa. Maana yake ni amekuja, amelala, ameshinda, ametolewa. Ka hapo imekaa mahali pa "ame": nafsi ya tatu umoja na wakati timilifu vimebanwa pamoja vikawa silabi moja. Haipimi kimo cha mtu wala hadhi yake. Rais kafika, sheikh kaamka, bibi kasali, wote ka ileile, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Richard Bezuidenhout alipotwaa ushindi wa Big Brother Africa mwaka 2007, na Idris Sultan alipoutwaa tena mwaka 2014, Mtanzania aliyetoka nje akipiga kelele "Kashinda!" alikuwa anajivunia ndugu yake. Mwaka 2003, Mwisho Mwampamba alipomaliza wa pili, ilikuwa "kakosa kidogo tu", na hiyo nayo ilikuwa sauti ya huruma.

Ukitaka kuzitenganisha ka hizi mbili, badilisha wakati au idadi uone ipi inabaki. Dada katolewa; kesho dada atatolewa; madada wametolewa; dada hajatolewa. Ka imepotea kote, kwa sababu ilikuwa "ame" iliyofupishwa, basi. Sasa chukua yako: kadada kametolewa, kesho katatolewa, tudada tumetolewa, kadada hakajatolewa. Ka haikuondoka mpaka ulipokuja wingi, na wingi wenyewe ukaleta tu-. Tazama pia kwamba katika "kametolewa" ile me ipo palepale, imesimama baada ya ka. Wifi hakuwa na me yoyote. Kwa hiyo kama aliwaambia kwamba yake ni tofauti na yenu, alikuwa na haki, hata kama hakuwa na maelezo mkononi. (Ipo na ka ya tatu, ile ya masimulizi, "akalia, akafunga begi, akatoka", lakini hiyo haikuleta ugomvi saluni, tuiache.)

Sasa kadada.

Wifi anadhani mmekiharibu Kiswahili. Mimi nimezaliwa Ujiji, na nasema hapana, kwa moyo wote. Ka- ya udogo na tu- ya wingi wake ni ngeli kongwe ya lugha za Kibantu, ipo katika lugha nyingi kuanzia huku kwetu hadi kusini mwa bara hili. Kinyamwezi cha hapo Tabora kinayo. Kiha cha huku Kigoma, kama jirani yake Kirundi, nacho kinayo, ikiwa na irabu mbele: aka- na utu-. Vuka Ziwa Tanganyika uende Kalemie au Uvira, utamsikia mama Mkongo anamwita mtoto wake katoto, na watoto wake tutoto, kwa Kiswahili chake safi kabisa. Shuka gati ya Kibirizi siku ya mzigo, utayasikia hayo kabla hata hujaulizia bei ya mawese. Kiswahili kilipopanda kutoka Bagamoyo na misafara, kikalala Tabora, kikaendelea mpaka Ujiji, kilibebwa vinywani mwa wapagazi wa Kinyamwezi ambao nyumbani kwao walishazoea ka na tu. Walikitumia kama mtu anavyotumia nyumba aliyohamia: akaleta na mikeka yake.

Kwa nini basi vitabu vya shule haviitaji? Kwa sababu Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja. Uamuzi huo ulifanywa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na kamati ya lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikausimamia. Kiunguja kwa udogo hutumia ki- na vi-. Lau wangechagua lahaja ya bara, leo wifi yako angekuwa anafundishwa shuleni kusema katoto. Mwanafunzi akiandika "katoto kale" kwenye mtihani nitamsahihisha, maana mtihani una lahaja yake. Lakini sitamwambia kwamba bibi yake hajui kuzungumza.

Na hao wa mwambao, je, wao hawawafanyi watu kuwa vitu? Wanasema "kisichana kile kinaringa", "kijitu gani hiki". Ki- inafanya kazi ileile ya ka-, na kanuni ni moja. Jina likiwa limevaa ki- kama jina lake la kawaida tu, linachukua upatanisho wa mtu: kijana amekuja, kiongozi amesema, kinyozi anakata, kipofu anapita. Lakini ukiivisha ki- kwa makusudi ya kumpunguza mtu, sentensi nzima inapungua pamoja naye: kitoto kinalia, kisichana kinaringa. Ndivyo ilivyo kwa kadada: kadada kale kanaringa. Upatanisho wako haukuwa na kasoro. Wifi alipolalamika juu ya adabu, angeweza kulalamika vilevile juu ya shangazi zake wa Pangani.

Lakini adabu nayo ni swali la haki, na hapa simpingi wifi moja kwa moja.

Bibi yangu aliniita "kajukuu kangu" hadi nilipoota ndevu. Sikuwahi kusikia neno tamu kuliko hilo. Ka ileile, mdomoni mwa mtu mwingine, inaweza kumchana mtu. Tofauti haimo ndani ya ka, imo katika maneno yanayoizunguka, na watazamaji wa vipindi vyenu ni shule nzuri ya jambo hili kwa sababu wanamzungumzia mtu wasiyemjua, na kila siku wanabadili mawazo juu yake. Wasikilize. Anayempenda mshiriki husema "kadada ketu", "haka kadada kapole". Kimilikishi kinamvuta karibu, na "haka" inamweka palepale kwenye kiti cha saluni. Anayemchukia husema "kale", "kale kadada", na mara nyingi "kale" hutangulia jina, kama mtu anayenyoosha kidole kabla hajasema neno. Kiashiria cha mbali kimemsukuma nje ya mlango. Kisha huja kitenzi, kanajishaua, kanatafuta kiki, na hapo hakuna wa kuuliza tena kama ni mapenzi au ni chuki. Wewe ulisema "kale", lakini ulitanguliza "masikini". Masikini ilibeba sentensi yote. Sisi wa magharibi tunaisikia huruma hiyo. Wifi, ambaye hakukua na ka hii, alisikia "kale" peke yake.

Mambo ni hayohayo upande wa ukubwa. "Lijamaa lile" ni tusi likifuatwa na "linakula tu", na ni sifa likifuatwa na "linaimba mpaka nywele zinasimama".

Kuna jambo moja ambalo nimelisikia mara nyingi na ninalipenda sana. Mtazamaji huanza na ka, halafu katikati ya maneno yake mwenyewe ka inamponyoka. "Kale kadada kalikuwa kanajifanya kanajua kila kitu, kanawagombanisha wenzake, lakini jana aliposimulia habari za mama yake nilimhurumia." Umeona? Kalikuwa, kanajifanya, kanawagombanisha, kisha aliposimulia, nilimhurumia. Hakusema "kaliposimulia", hakusema "nilikahurumia". Mtaalamu wa sarufi asiye na subira ataandika hapo kwamba upatanisho umevurugika. Mimi naona haukuvurugika hata kidogo. Msemaji alianza anatazama kitu kwenye kioo, akamaliza anatazama mtu, na kiambishi kikamfuata moyo wake bila yeye kujua. Ngeli hizi zinalionyesha badiliko hilo kwa silabi moja. Ndiyo maana sitaki ka ifutwe kwa madai ya usafi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Ndani ya saluni, kwa watu mliokua pamoja Isevya na Cheyo, sema kadada. Ukiandika ujumbe utakaosomwa na watu usiowajua, sema "yule dada". Huruma yako ya Tabora haisafiri na maandishi. Sauti imebaki kwako, kilichofika Pangani ni "kale". Na aliyetolewa ni mtu mzima, ana wazazi wanaosoma.

Tatizo kubwa zaidi kuliko ka, kama utaniuliza, ni tu-. Inafanana sura na tu- ya "sisi", na vipindi vya wapenzi vinaifanya iwe ya hatari. Binti wa kaka yangu, anayeishi Gungu hapa Kigoma, mahari yake ilikuwa imeshapokelewa. Usiku mmoja akaniandikia: "Baba mdogo, tumeachana. Nimelia sana." Nikampigia, simu imezima chaji. Nikampigia mama yake. Shemeji alishajifunga kanga ya pili, yuko mlangoni anakwenda kwa wakwe kuuliza mtoto wake amekosa nini, ndipo binti akapatikana kwa simu ya jirani. Alikuwa anasema juu ya "tule tuchumba twa kwenye TV", wale wawili aliowapigia kura wiki tatu mfululizo. Kwa ngeli yake, sentensi ilikuwa sahihi: tuchumba tumeachana. Ila jina hakuliandika, na kitenzi peke yake kikabeba msiba wa nyumba nyingine kabisa. Ukitumia tu-, taja jina kila mara. Kiambishi hiki hakiwezi kutembea peke yake kama wa- inavyoweza.

Swali lako la pili halina urefu. Ka ya "kapo" ni sehemu ya neno lenyewe, kama ilivyo katika kamati, kalamu na kanisa, kwa hiyo haiingii katika habari za udogo. Ni kapo hii, kapo zile, kapo yao. Anayesema "kapo kale" ameshaingiza hukumu yake. Kapo ni jina la kundi, linakwenda kama kamati na familia: kamati imekubaliana, familia imegawanyika, kapo imeachana. "Kapo hawa wameachana" naisikia kila siku na naelewa inakotoka, msemaji anaona nyuso mbili mbele yake. Wengine hujitetea kwa "ndugu zangu wamekuja": kimilikishi cha ngeli nyingine, kitenzi cha watu. Utetezi huo haufiki, maana ndugu ni jina la mtu mmoja, na kapo haiwezi kuwa mtu mmoja. Ukitaka "hawa", lugha imeshakupa wapenzi, wachumba, wenzi, na kama walifunga ndoa, wanandoa. Wapenzi wale wameachana. Mimi ningeandika hivyo, na shemeji yangu angelala usiku ule.